Riwaya za mahaba zenye majoka: mbona tunazisoma kimya kimya?

Mwanzisha uzi (Likoni)

Assalaam aleikum, habari za jioni wadau. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aurudie akishalaza watoto.

Mwaka wa pili huu nasoma riwaya za mahaba zenye majoka, nyingi kwenye simu, chache za karatasi, na kila nikilitaja jambo hili watu hunitazama kana kwamba nimetaja uganga. Dadangu wa tumbo moja asema ni vitabu vya watoto. Mwenzangu wa kazini asema ni vitabu vya uchafu. Haviwezi kuwa vyote viwili. Nimeona leo nieleze kwa kituo ni kitu gani kinachonishika, kwa sababu najua humu ndani wamo wanaovisoma wamevifunika kwa gazeti.

Mimi ni mtu wa Likoni, kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hiyo feri naipanda mara mbili kila siku. Wanaovuka wanapajua pale tunapongojea mlango: watu wamebanana, jua lishaanza kuchoma, kisha mlango ukifunguliwa mnamwagika wote kwa pamoja kuteremka. Mimi nina selimundu, siko seli kama wengi mnavyoiita. Siku za kusi, baridi ikija na mvua, viungo huniuma hata kitufe cha nguo kikanishinda kufunga. Katika umati ule hapana ajuaye. Wanaona msichana mzima anayetembea pole pole na kuwachelewesha, basi wananisukuma.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, msichana aliyesimama ubavuni pangu alikuwa kazama kwenye kitabu kinene, hakuinua uso hata feri ilipofika ng'ambo. Nikamuuliza anasoma nini. Akanigeuzia jalada: Fourth Wing. "Ni mapenzi," akasema, "na majoka." Akapotea kwenye watu, sijamwona tena mpaka leo. Kama yumo humu, dadangu, ahsante.

Kwa wasiokijua, ni kitabu cha Rebecca Yarros wa Marekani, kilitoka 2023. Kimefuatwa na viwili, na cha tatu, Onyx Storm, kilipotoka Januari 2025 kiliuza zaidi ya nakala milioni 2.7 katika wiki yake ya kwanza. Vimepangwa vitano. Nawaambia hesabu hizi ili mjue siko peke yangu, lakini si hesabu zilizonifanya nilie ndani ya matatu ya Ukunda.

Kilichoniliza ni tandiko. Nitaeleza. Asiyetaka kutobolewa kisa aruke hapa.

Violet ni binti mwenye mwili mdogo na viungo vinavyoteguka kwa jambo dogo. Maisha yake yote amejiandaa kuwa karani, akae na vitabu. Mamake ni jenerali, na anamlazimisha aingie chuo cha wapanda majoka, mahali ambapo mnyonge harudishwi nyumbani, hufa. Mwandishi mwenyewe anaishi na maradhi ya Ehlers-Danlos, yanayolegeza viungo, na mimi niliyahisi hayo kabla sijaambiwa. Violet huamka akipiga hesabu. Goti hili leo nilifunge kwa kitambaa gani? Ngazi zile nizipande sasa au nijiwekee nguvu za jioni? Mtu mzima wa afya hawezi kubuni hesabu hizo.

Siku ya majoka kuchagua wapandaji, Violet anasimama kumlinda joka mdogo wa dhahabu dhidi ya wanafunzi wenzake watatu waliokuja kumuua. Hana nguvu za kuwashinda na anajua. Hapo ndipo joka mweusi mkubwa mno, Tairn, ambaye mpandaji wake wa kabla alikufa na hakuna aliyetarajia achague tena, anamchagua yeye.

Kisha wanaruka, na Violet anaanguka. Anaanguka tena. Mapaja yake hayana nguvu ya kumshika mgongoni mwa joka. Kila mara Tairn anamfuata chini na kumdaka, na tangu hapo inambidi atumie nguvu zake mwenyewe kumshikilia. Wengine wote chuoni hupanda bila kitu.

Ndugu zangu, hapo nilikuwa nangoja neno moja. Jikaze. Hilo ndilo neno ninalolijua kuliko jina langu. Nimeambiwa jikaze na mwalimu aliyenikuta nimelaza kichwa kwenye dawati. Nimeambiwa jikaze na bosi niliyemfanyia kazi zamani, akiongeza kwamba wagonjwa wana mahali pao. Kitabuni neno hilo halikuja kutoka kwa kijana ampendaye. Xaden alimtengenezea tandiko. Na Tairn, joka mwenye kiburi kuliko majoka wote, akakubali kutandikwa kwa ajili yake.

Nilishuka kituo kimoja mbele ya changu siku ile kwa sababu sikutaka watu wanione uso.

Kwa hiyo dai langu ni hili, na nataka mnipinge kama mnaweza. Watu hudhani tunavisoma kwa ajili ya mwanamume, yule mrefu mwenye kovu na macho makali. Mimi nasema mpenzi wa kweli katika riwaya hizi ni joka. Mwanamume huja kupendwa kwa kiasi anachofanana na joka.


Mdau wa Changamwe

Pole kwa maradhi, dadangu, Mungu akupe nafuu. Lakini niruhusu nipinge. Joka kwetu si kitu cha kupendwa. Soma Ufunuo sura ya 12: joka jekundu, vichwa saba, pembe kumi, amesimama mbele ya mwanamke angoje azae amle mtoto. Huyo ndiye leo tunaambiwa ana moyo mwema? Pili, hao dragoni si wetu. Pwani hii tuna chatu, tuna kenge, tuna mamba. Tunalishwa ndoto za watu wengine na tunazilipia.


Mwanzisha uzi

Ahsante kakangu, na sikukasirika. Umegusa mahali penyewe.

Tuanze na neno. Ni kweli joka kwetu ni nyoka aliyekuzwa: hana bawa, hana mguu, na moto hatemi. Ndiyo maana wengine wanapendelea kusema dragoni, wapate kumtenganisha na yule wa Ufunuo. Mimi nabaki na joka, na sababu nitakueleza, ingawa huenda wengine wataiona ndogo. Nilipoanza kusoma, kichwani mwangu nilikuwa nikisema "joka lile". Lile, kama jiwe, kama gari. Sijui ni ukurasa gani, lakini nilifika mahali nikajikuta nasema "joka yule". Hakuna aliyeniambia nibadilishe. Kiswahili kina mlango huo, kitu kikipata nafsi unakihamisha kwa silabi moja, na nadhani riwaya hizi zote kazi yake ni kumhamisha msomaji kutoka "lile" hadi "yule". Neno dragoni lingeninyima safari hiyo, maana haliniogopeshi tangu mwanzo.

Na joka anayekalia dhahabu asiyoweza kuila wala kuivaa, yule wa hadithi za zamani za Ulaya, kwetu tunamjua vizuri. Ni joka la mdimu. Hali ndimu, na haachi mtu achume. Sote tuna jamaa mmoja wa namna hiyo.

Kuhusu umiliki: mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa China, na katika kasri la mfalme wakaona wameletewa qilin, mnyama wao wa ndoto. Mnyama tunayemwona kila siku kwenye sarafu ya shilingi moja na matangazo ya utalii ndiye aliyekuwa ajabu yao. Bahari hii imepitisha wanyama wa ajabu huku na huku tangu zamani, kakangu. Sioni aibu kupokea mmoja.

Lakini jibu langu kubwa ni lingine. Umenikumbusha Hasibu.

Nyanyangu alikuwa akitusimulia usiku, umeme ukipotea, kisa cha Hasibu Karim ad-Din na Sultani wa Nyoka. Asili yake ni Alfu Lela u Lela, ambamo mtawala wa nyoka ni malkia, lakini kimekaa pwani yetu muda mrefu; Edward Steere alikiandika kwa Kiswahili cha Unguja katika kitabu alichokitoa London mwaka 1870. Nakisema kama nilivyokisikia. Hasibu ni kijana asiyefaa kitu, kila ufundi umemshinda. Anakwenda kukata kuni na wenziwe, wanakuta asali shimoni, wanamshusha yeye aichote, na ikishakwisha wanamwacha mle afe. Shimoni anaona nge, anafuata alikotokea, anachimba, anatokea kwa Sultani wa Nyoka. Na yule Sultani hamli. Anampa matunda, anamuuliza habari zake, naye anamsimulia za kwake. Siku nyingi wanakaa hivyo, mtu aliyetupwa na watu na nyoka anayemsikiliza.

Sasa niambie, hiyo si ndiyo mbegu ya riwaya hizi? Aliyedharauliwa, kiumbe wa kutisha anayemwona, na mazungumzo ya watu wawili ambayo ulimwengu wa juu haungeyaelewa.

Mwisho wake mnaujua. Hasibu anaomba kurudi kwao. Sultani anamwambia, nikikuachia utakuja kuniua. Hasibu anaapa. Anaambiwa asiende hamamu, bafu la watu wote. Anakwenda. Anajulikana, anapigwa, anaonyesha njia, na Sultani wa Nyoka anachukuliwa akapikwe dawa ya mfalme mgonjwa. Na hata akiwa anapelekwa kufa anamfundisha Hasibu: povu la kwanza ni sumu, usinywe, mwachie waziri, kunywa la pili.

Nikiwa mtoto nilimchukia Hasibu. Nilikuwa namwuliza nyanyangu, kwa nini hakufa naye? Basi angalia kanuni ya Fourth Wing: joka akifa, mpandaji wake hufa. Huwezi kumuuza joka wako ukabaki kuoga hamamu. Mtu aliyeitunga kanuni ile hata kama hajawahi kumsikia Hasibu, amelijibu swali langu la utotoni.


Mama wa Kisauni

Binti, nimekusoma mpaka mwisho na umenigusa, nami nina mpwa mwenye maradhi kama yako. Lakini mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka kumi na mitano, nilimkuta na kitabu hicho unachokisifu, nikakifungua katikati. Nilichokisoma sikuweza kukisoma kwa sauti. Nikakifungia kabatini. Je, nilikosea?


Mwanzisha uzi

Shikamoo mama.

Hukukosea. Fourth Wing ni riwaya ya watu wazima, imeandikwa na kuuzwa hivyo, na zile kurasa za chumbani zinasema kila kitu wazi. Shida ni jalada. Jalada zuri lenye joka linamdanganya mzazi, anadhani ni kitabu cha watoto, na linamdanganya muuzaji pia. Nimeviona Mwembe Tayari vimepangwa pamoja na vya darasa la saba. Mwenye kuuza mitumba ya vitabu hawezi kusoma kila gunia, lakini sisi wasomaji tunaweza kumwambia.

Ila naomba nikuambie kitu kimoja, mama, kwa heshima. Mtoto wako huenda hakufuata kurasa zile. Mimi katika umri ule nilikuwa nimelazwa mara tatu kwa mwaka mmoja. Nilichokuwa nikikitaka ni mtu wa kunijua bila mimi kueleza. Anayeumwa na kitu kisichoonekana ana kazi mbili: kuumwa, na kuthibitisha kwamba anaumwa. Daktari anakuuliza, moja hadi kumi, ni ngapi? Ukisema tisa nawe hulii, hakuamini. Ukilia, wanasema umezidisha. Katika riwaya hizi joka yumo ndani ya fikra zako. Goti likiuma amejua. Hakuna moja hadi kumi. Siwezi kukueleza raha ya kulala na wazo hilo ukiwa na dripu mkononi.

Kwa hiyo kitabu kikae kabatini miaka mitatu. Lakini muulize alikuwa anampenda nani mle ndani. Kama atasema Tairn, huyo mtoto anakuambia jambo.


Kijana wa Bamburi

Wanaume tunaruhusiwa? Mimi nilivisoma vyote vitatu, nilianza kwa ajili ya vita na nikabaki. Lakini dada, hujajibu swali gumu. Mbona mwanamume wa riwaya hizi ni yule yule? Katili kwanza, mpole baadaye, na kwa mwanamke mmoja tu. Maadui wawa wapenzi. Mtaani kwetu mwanamume akianza kwa ukatili humalizia kwa ukatili. Dada zangu wakivisoma hivi wasije wakamngoja bondia abadilike.


Mwanzisha uzi

Karibu sana kakangu, na swali lako ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya yote. Nakubaliana nawe nusu nzima.

Mtaani, ukimwona mwanamume mkali hujui kilichomo ndani, na anaweza kukudanganya miaka kumi. Riwaya hizi zinaondoa uongo. Joka wa Xaden, Sgaeyl, ni mwenza wa Tairn. Majoka wale wawili hawawezi kutengana muda mrefu bila mateso, basi na wapandaji wao inabidi waishi karibu karibu hata wakichukiana. Zaidi ya hapo, hisia za majoka zinavuja na kuingia kwa watu. Msomaji anapomruhusu Violet ampende mtu wa hatari, anamruhusu kwa sababu kuna shahidi asiyeweza kuhongwa. Joka amemwona yule mtu kwa ndani. Mtaani Bamburi, na kwetu Likoni, shahidi huyo hayupo. Hapo ndipo ninapowaambia wadogo zangu: ukikutana na Xaden asiye na joka, ondoka.

Na si kila mwandishi ameliweza hili. Rudi nyuma hadi 1968, Anne McCaffrey na Dragonflight yake. Mama huyu alistahili sifa: sehemu ya kisa hicho ilimfanya mwaka huo huo awe mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Hugo, ile ya bunilizi za sayansi na njozi, kwa hadithi za kubuni. Karibu kila kitu tunachokipenda leo kimo mle. Joka anaanguliwa na kumchagua kijana mmoja papo hapo, wanasikizana kwa fikra maisha yao yote, na mtu akifa joka wake humfuata. Lessa, aliyejificha jikoni akivaa matambara kama mtumwa, anachaguliwa na joka malkia wa dhahabu, Ramoth. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Lakini Ramoth anapopandana na joka wa F'lar, mwanamume mpanda majoka, Lessa na F'lar wanavutwa kufanya walivyofanya majoka. Lessa hakuulizwa. Kitabu kinapita pale kama kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikifunga, nikakaa nacho siku nne bila kukigusa. Nilichokuwa nikikiita kujulikana bila kusema kiligeuka hapo kuwa kuamuliwa bila kuulizwa, na mtu mgonjwa anaijua tofauti hiyo. Nimewahi kugeuzwa kitandani na watu wema ambao hawakuniuliza.

Violet anafundishwa kuziba fikra zake, aweze kufunga mlango joto la majoka likija. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko mabawa yote. Joka akujue, lakini ufunguo uwe kwako.

Kuhusu kuruka angani, ambako wengi hukusifu, sina mengi ya kusema. Ni kuzuri. Saa moja asubuhi pale kivukoni kila mtu angetaka bawa.


Mwalimu, Tudor

Nimefurahi kuuona uzi wenye kusomwa. Nitaongeza mawili. Mdau wa Changamwe alisema ni ndoto za watu wengine. Tuna Utenzi wa Mikidadi na Mayasa. Mayasa anakataa kuolewa na yeyote asiyeweza kumshinda kwenye uwanja wa vita. Wachumba wanakuja na farasi zao, mmoja baada ya mmoja anawaangusha. Binamu yake Mikidadi ndiye anayemweza. Mwanamke mpiganaji, mapenzi yanayoanza kwa silaha: hilo ni letu na ni la zamani.

La pili, nunda mla watu. Sultani Majinuni alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakamshtakia, akasema paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Akaendelea kukua mpaka akawala watu. Mwana mdogo ndiye aliyetoka kumwinda. Kila akirudi na mnyama aliyemuua humwimbia mamake kwamba nunda amekufa, na mama humjibu, mwanangu, siye huyu. Kwetu kiumbe mkubwa huuliwa. Dada, unajua kisa chochote cha kwetu ambapo mtu anampanda nunda?


Mwanzisha uzi

Mwalimu, ahsante sana. Sikumjua Mayasa vizuri, nimeshamwomba rafiki anitafutie utenzi huo.

Nunda wa kupandwa simjui. Na sitaki apandwe, maana yule alikuwa paka wa mtu asiyejua kusema hapana, kosa lilikuwa la Sultani. Ulaya nako zamani ilikuwa hivyo: joka aje, binti afungwe mtini aliwe, mwanamume mwenye mkuki aokoe. Binti hakupewa neno. Nafikiri wanawake waliosoma visa hivyo miaka mingi walimtazama yule binti na yule joka, wakaona wao wawili ndio waliokuwa na kitu cha kuzungumza, na mwenye mkuki ndiye aliyekuja kuwakatiza.

Hapo ndipo namtofautisha Mayasa kidogo, ingawa nampenda. Yeye lazima ashindwe kwanza ndipo apende. Violet hahitaji kushindwa na Xaden ndipo ampende. Anatandikiwa.


Mdau wa Changamwe

Nimerudi. Sijabadili mawazo kuhusu Ufunuo, lakini hilo la "lile" na "yule" limenikaa. Nilienda kutazama. Hata mle imeandikwa "yule joka". Sijui nifanye nini na jambo hilo.


Mwanzisha uzi

Kakangu, hata mimi sikulijua. Acha likae tu.

Walioniuliza inbox waanzie wapi: watu wazima waanze na Fourth Wing, wavumilie kurasa mia za mwanzo, na wasiruke barua na maandiko yaliyo juu ya sura. Cha pili ni kirefu kuliko kinavyohitaji. Cha tatu kina safari nyingi mno na majina mengi, nilikuwa naandika pembeni kwa penseli nisipotee, lakini kuna ukurasa mmoja wa joka mdogo ambao sitausema hapa. Anayetaka kuazima cha kwanza cha karatasi, ninacho, kimeingia maji ya chumvi kidogo.


Bibi wa Kuze

Wanangu, mimi mjukuu ndiye anayeniandikia, macho yangu hayaiwezi simu. Amenisomea yote. Wewe wa Likoni, nyanyako alikuambia kisa sawa, lakini alikuharakishia. Hasibu hakuonyesha njia siku ya kwanza. Alipigwa siku nyingi. Na alipofika kwa Sultani wa Nyoka alishindwa kuinua macho, Sultani ndiye aliyeanza kusema. Hapo sisi tulikuwa na maneno yake, yanaimbwa. Nyanyako hakukuimbia?


Mwanzisha uzi

Shikamoo bibi.

Hakuniimbia. Au aliniimbia nami nilishalala, maana mara nyingi nililala pale shimoni, kabla hajafika kwa Sultani. Alifariki mwaka niliomaliza shule na sikuwahi kumwomba anirudie. Bibi, Sultani alimwambia nini?


Bibi wa Kuze

Hayaandikiki kwenye simu. Muulize mjukuu wangu nyumba, atakuelekeza kwa faragha. Njoo Ijumaa baada ya Alasiri, viazi karai vitakuwapo. Njoo pole pole, ngazi zetu ni ndefu, nitamwambia kijana akushushie kiti utakapochoka katikati. Na hicho kitabu chako kije, unisomee pale pa tandiko.